Pombe na ubongo: kwa nini mtumwa wa pombe anaona hasira pasipo hasira

Mtu aliyekunywa pombe kwa miaka mingi anaweza kukosea kusoma uso wa bibi yake hata siku ambayo hajagusa kikombe. Bibi ametoka sokoni, amechoka, anawaza pesa ya masomo ya watoto. Bwana anamtazama na kuona dharau. Anauliza: « Unanikasirikia nini? » Bibi anashangaa, anajibu kwa sauti ya juu kidogo, na ugomvi umeanza. Majirani watasema ni pombe inayosema. Lakini asubuhi hiyo hakuna pombe katika damu yake.

Mambo ya namna hii yanajulikana katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Butembo na Lubumbashi. Jina la kinywaji linabadilika kufuatana na mahali: kasiksi na kanyanga huko Kivu, lutuku huko Katanga, bia ya kiwanda kwa mwenye franga. Kinachopanda katika ubongo ni kilekile. Na hapa hatuzungumzi juu ya kijana anayelewa siku ya posho kwenye nganda na kurudi kazini siku ya kwanza. Ni habari ya mtu ambaye pombe imemfanya mtumwa: anatetemeka mikono asubuhi asipoipata, na ameshaahidi mara kumi kuacha.

Mwaka 1999, watafiti wa Ubelgiji, kati yao Pierre Philippot wa chuo kikuu cha Louvain na daktari Charles Kornreich wa Bruxelles, walitangaza matokeo ya jaribio lililo rahisi kueleza. Waliwaonyesha picha za nyuso watu waliokuwa wakitibiwa utumwa wa pombe, wakawaonyesha pia watu wengine wasio na ugonjwa huo. Nyuso zingine zilikuwa na furaha, zingine hasira, zingine huzuni, na nguvu ya hisia haikuwa sawa katika picha zote. Kazi ilikuwa kusema tu: huyu anasikia nini, na kwa kadiri gani?

Wagonjwa walikosea zaidi. Uso uliokuwa na hisia kidogo, wao waliona hisia nyingi. Uchunguzi mwingine uliofuata ulionyesha kwamba uso wa huzuni waliuchukua mara nyingi kuwa uso wa hasira au wa kuchukizwa. Lakini jambo lenye uzito kupita yote ni hili: wagonjwa hawakujua kwamba wanakosea. Waliona jaribio kuwa rahisi sawa na wenzao walivyoliona. Ndiyo maana kumwambia mtu kama huyo « umenielewa vibaya » ni kazi ngumu. Kwake yeye, alichokiona kipo.

Miaka miwili baadaye, kundi hilo la Ubelgiji lilichunguza watu waliokuwa wameacha pombe kwa miezi kadhaa. Makosa fulani yalikuwa yamepungua, lakini mengine yalikuwa yangali pale. Wengine wamechunguza sauti pia, wakakuta taabu inayofanana: mtu anasikia maneno vizuri, ila namna yalivyosemwa, kwa upole au kwa ukali, inampotea.

Kwa nini iwe hivyo? Ndani ya ubongo kuna kipande kidogo kinachoitwa amigdala, kadiri ya haragi moja kubwa, kimoja kila upande. Kazi yake mojawapo ni kutoa habari ya haraka: huyu anayekuja ni rafiki, huyu ana hofu, huyu ni hatari. Mbele, nyuma ya paji la uso, kuna sehemu nyingine inayofanya kazi kama freni. Inapima habari ile na kusema: « Ngoja, labda amechoka tu. »

Pombe ya miaka mingi inaharibu pande zote mbili. Huko Boston, Marekani, Ksenija Marinkovic na Marlene Oscar-Berman pamoja na wenzao walipiga picha za ubongo wa wanaume walioacha kunywa baada ya miaka mingi ya ulevi. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Wanaume hao walipoangalia nyuso zenye hisia, amigdala yao haikuitika kama ile ya wasiokuwa walevi. Ilikuwa kama imekufa ganzi. Sasa, mtu ambaye kengele yake ya ndani hailii vizuri anabaki kukisia, na aliyeishi miaka katika makelele ya nyumbani ni rahisi akisie makelele.

Kuna mbegu nyingine ya ugomvi. Pombe inatuliza ubongo. Ubongo nao, ukiona unatulizwa kila siku, unajikaza upande wa pili ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikitoka, ule mkazo unabaki peke yake: wasiwasi, usingizi unakosa, kila kitu kinaudhi, hata mtoto akicheka. Mwanasayansi Mmarekani George Koob ameeleza kwa muda mrefu kwamba katika hatua hii mtu hanywi tena kwa kutafuta furaha. Anakunywa ili kuondoa mateso ambayo pombe yenyewe ilileta. Anayemwambia « unapenda starehe kuliko watoto wako » anakosea, maana starehe ilikwisha zamani.

Hayo yote hayamruhusu mtu kupiga bibi wala watoto. Ugonjwa unaeleza kwa nini anaona vibaya, hauondoi daraka ya mkono wake, na mama anayepigwa inapashwa atafute kwanza mahali pa usalama. Vilevile, si kila kosa linatoka kwenye chupa: wataalamu wangali wanabishana kama watu fulani walikuwa na shida ya kusoma hisia kabla ya kuanza kunywa.

Kile kisicho na ubishi ni kwamba ubongo unapona kwa sehemu, polepole. Usingizi na hasira vinaanza kutulia katika majuma na miezi ya kwanza, lakini kusoma nyuso kunachelewa. Na hapo ndipo familia nyingi zinakata tamaa. Bwana ameacha, ana mwezi wa pili, mbona angali mkali? Wanasema amelogwa, au kwamba alikuwa na roho mbaya tangu zamani. Yeye naye anaona hakuna anayemheshimu, anarudi kwenye nganda. Katika miezi hiyo inasaidia kusema wazi kwa mdomo kile ambacho uso peke yake ungesema: « Nimechoka, sikukasirikii. » Linaonekana neno dogo, lakini linamwondolea mgonjwa kazi ya kukisia.

Kuna hatari moja ya kufahamu kabla ya kumfungia mtu ndani ili aache kwa nguvu, au kumpeleka chumba cha maombi na kumfungisha. Mtu aliyezoea pombe nyingi akikatizwa ghafula anaweza kupatwa na kifafa katika siku mbili za kwanza. Kisha, mara nyingi siku ya pili hadi ya nne, anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo, kutetemeka mwili mzima na kuwa na homa. Wengine wanakufa. Maombi yaendelee, lakini muganga awepo: kuna dawa, kama diazepamu, zinazoshusha mshtuko huo kwa mpango.

Jambo lingine ni vitamini B1. Mlevi anayekunywa bila kula bugali wala sombe anaipoteza kabisa, na ukosefu wake unaweza kuharibu kumbukumbu kwa maisha yote, ugonjwa uliopewa jina la Mrusi Sergei Korsakoff aliyeueleza mwaka 1887. Kwa hiyo mgonjwa dhaifu akifikishwa kwenye kituo cha afya, familia iseme bila haya kwamba ni mnywaji, ili apewe B1 kabla ya kutundikiwa serumu ya sukari.

Kwa matibabu yenyewe, vituo vya akili vya Mabruda wa Upendo, Sosame mjini Bukavu, Tulizo Letu mjini Goma na Joseph Guislain mjini Lubumbashi, ni mahali pa kuulizia. Ni vizuri mgonjwa asiende peke yake, maana maswali mengine ya daktari, kama vile « tangu lini umekuwa mkali nyumbani? », bibi yake ndiye atakayeyajibu.