Maziwa Yaliyojificha na Chai ya Mama

Kwenye kipindi cha wiki hii nilitania kwamba mimi na maziwa tumeachana talaka tatu. Mkacheka. Ila kuna sehemu sikuisema. Kwa miaka sita hivi, kila Jumapili nilikuwa naenda kwa mama Leicester, nakunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye iliki, halafu narudi London kwa treni nimekumbatia tumbo. Chai ya mama unaikataaje?

Daktari alinieleza haraka haraka. Utotoni mwili hutengeneza laktasi, kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Kwa watu wazima wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua. Basi. Si aleji, maana aleji ya maziwa inaweza kuua mtu. Yangu ni gesi, kuharisha na aibu.

Chai angalau niliiona. Kazi ni maziwa usiyoyaona: krispi za chumvi na siki, soseji, supu ya pakiti, mkate ule laini. Hata vidonge vingi hujazwa laktosi, ingawa ni kidogo mno, wengi wetu hakitusumbui (usiache dawa yako kwa sababu yangu, tafadhali). Hapa Uingereza sheria inataka neno maziwa likolezwe kwenye orodha ya viungo, kwa hiyo siku hizi nasoma pakiti kama barua ya uhamiaji.

Lakini nyumbani kwa watu hakuna pakiti. Shangazi anaapa mahamri yake ni ya tui tupu, kumbe kaongeza maziwa ya unga "yalainike kidogo tu". Ukimuuliza mara ya pili, ushamkosea adabu.

Mwezi uliopita nikamwambia mama. Akaliweka birika chini.

"Tangu lini?"

"Zamani, Mama. Tangu nilipoanza kazi."

"Na ukawa wanywa tu?"

Nikanyamaza. Akaingia jikoni, nikasikia sufuria ikimwagwa kwenye sinki, nikajua nimeharibu Jumapili. Alirudi na vikombe viwili vya chai ya rangi, tangawizi imekolea hadi inawasha koo. Kimoja akakiweka mbele yangu, kimoja akaanza kukinywa yeye.

"Mie nikiwa peke yangu maziwa siyagusi, mwanangu. Yanivuruga tumbo tangu nimzae kakako. Nilikuwa nayapika kwa sababu waja wewe."