Kopo la Mafuta ya Mgando

Mtoto wa dada yangu alianza kujikuna akiwa na miezi minne. Ilianzia mashavuni, ikaja kwenye mikunjo ya viwiko, na alipoanza kutembea ikahamia nyuma ya magoti. Washauri hawakukosekana: shangazi alisema damu chafu, jirani akalaumu maziwa, na fundi bomba, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, akaagiza majani ya muarobaini. Hospitali wakasema ni pumu ya ngozi. Jina hilo lilimtisha dada kuliko vipele vyenyewe.

Haiambukizi, wala si pumu iliyopotea njia. Ila na pumu ya kifua ni ndugu: katika ukoo mmoja utamkuta huyu anabanwa kifua, yule anapiga chafya vumbi likitimka, na wa tatu anajikuna.

Ngozi hiyo ni nyumba ya udongo ambayo haikukandikwa vizuri. Unyevu unatoka nje. Sabuni, vumbi na vijidudu vinaingia ndani. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, na wenzao walionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa Ulaya kuna hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia kujenga tabaka la juu la ngozi. Kwa Waafrika hitilafu hiyo ni nadra zaidi, lakini nyufa tunazo vilevile.

Vitabu vingi huandika kuwa ngozi huwa nyekundu. Nyekundu ya nani? Kwa mtoto mweusi huonekana ya kijivu, ya zambarau au nyeusi zaidi, na ikipoa huacha madoa ya miezi.

Tiba ya kila siku haina fahari. Maji ya vuguvugu, dakika chache, sabuni isiyo kali; ile ya mche ibaki kwenye nguo, na dodoki lipumzike. Mfute kwa kumgusagusa, kisha ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, hata siku asizowashwa. Hapo ndipo wengi huachia njiani. Sijamsikia mtu akijisifu kwamba daktari bingwa alimwandikia mafuta ya mgando.

Ikichachamaa, huongezwa krimu ya steroidi. Mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, kwa siku alizoagiza daktari. Wazazi wengi huiogopa. Dawa za jamii hiyohiyo, tena kali, zimo katika baadhi ya mikorogo ya kujichubua, na huko hazimwogopeshi mtu.

Dada alimaliza kopo la kwanza la mafuta ya mgando kwa wiki mbili, akaona haya kulitaja. Daktari alifurahi. Mtoto sasa ana miaka sita. Msimu wa baridi bado anajikuna, lakini usiku analala, na kucha zake hukatwa kila Jumamosi.