Jua Likate Nyuzi za Mbao

Wapiga picha wengi wakifika Mji Mkongwe wa Zanzibar hurudi nyuma hatua kadhaa ili mlango mzima uenee kwenye picha: nakshi za miimo, misumari ya shaba, mfaa katikati. Mimi husogea mbele, tena pale pasipo na nakshi. Chini karibu na kizingiti, mvua inaporukia na mkono wa kupaka mafuta usipofika, ubao umechongwa na jua na maji peke yao. Hapo ndipo lenzi ya makro ina kazi.

Mbao ni nyuzi za selulosi zilizogandishwa pamoja na lignini. Miale ya urujuanimno ya jua huivunja lignini, ila haipenyi zaidi ya sehemu ndogo ya milimita. Mvua ikija huosha kilichovunjika, nyuzi zikabaki juu zimepauka, na kuvu wadogo wakazitia weusi. Ule ukijivu wote ni ngozi nyembamba tu. Ukikwangua kwa kisu, rangi ya asili ingalipo chini. (Usijaribu kwenye mlango wa mtu.)

Sasa, ngozi hiyo hailiki sawasawa. Mti wa msaji hukua kwa misimu: mvua zinapoanza hujenga tabaka lenye vitundu vikubwa, kisha tabaka lililobana. Lenye vitundu huliwa upesi, gumu hubaki limesimama, na miaka ikipita ubao unakuwa shamba la matuta. Mvule una tabia nyingine. Nyuzi zake hupishana, tabaka hili likiegemea kulia, linalofuata kushoto, kwa hiyo hauchongeki kwa mistari iliyonyooka. Tena ndani yake huwa na chembe ngumu nyeupe za chokaa, zile zinazomharibia seremala msumeno. Kwenye lenzi huonekana kama punje zilizonaswa ndani ya ufa.

Matuta hayo ni mafupi mno. Wataalamu wa mbao hukadiria kuwa mbao laini za misonobari hupoteza kama milimita 6 kwa miaka 100 zikiachwa wazi, na miti migumu hupoteza pungufu ya hapo. Tofauti kati ya tuta na mfereji inaweza isifike hata milimita moja. Kimo kama hicho kivuli pekee ndicho kinachoweza kukionyesha, na kivuli hakipatikani mpaka mwanga uje kwa ubavu na ukatize nyuzi.

Sharti hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Wanafunzi hufundishwa wakwepe jua la mchana, wapige asubuhi na jioni. Kwa ubao uliolala, sawa. Mlango umesimama. Chukua mlango unaotazama kaskazini, kati ya Aprili na Septemba, jua la Zanzibar linapopita upande huo. Asubuhi mwanga hutoka mashariki ukitambaa juu ya ubao, ukikata nyuzi zilizosimama wima, na kila mfereji unajaa kivuli. Saa sita mchana mwanga hushuka kutoka juu sambamba na nyuzi zilezile. Ubao uleule unakuwa bapa, hauna habari. Lakini inua macho kwenye boriti ya juu ya mlango, ambayo nyuzi zake zimelala: saa hiyohiyo ndiyo yake. Basi, uliza nyuzi zimeelekea wapi kabla hujauliza saa ngapi.

Vichochoro vya Mji Mkongwe, hata hivyo, ni vyembamba na jua haliingii kila mahali. Tochi ndogo inatosha. Ishike pembeni karibu na ubao, uizungushe taratibu huku ukitazama kwenye kioo cha kamera, mpaka matuta yasimame. Na piga hodi kwanza. Mtu aliyepiga magoti mlangoni pa watu na tochi mkononi ana maelezo ya kutoa.

Kwa kipimo cha moja kwa moja, yaani kitu kikiwa na ukubwa uleule kwenye sensa, kamera ya sensa kubwa huona milimita 36 tu za ubao kwa upana. Kwa tundu la lenzi la f/8 kinachotokea wazi ni kina cha takriban milimita 1. Ukibana hadi f/16 unapata kama 2, ila picha nzima huanza kulegea kwa sababu mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo. Afadhali kamera ikae sambamba kabisa na ubao, juu ya stendi. Panapo ufa mrefu wa kwenda ndani, piga picha kadhaa ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha programu iziunganishe. Wenye simu wajihadhari na kitu kimoja: simu nyingi hulazimika kusogea sentimita chache tu, nayo simu yenyewe inaziba mwanga wa mbele. Wa ubavuni haizibi.

Milango iliyopakwa vanishi mimi huipita. Ukishachoka na milango, nenda ufukweni Nungwi, kaskazini mwa Unguja, au Matondoni kule Lamu, kwenye mashua kuukuu zilizopandishwa mchangani, utafute kichwa cha msumari wa chuma. Kutu ikikutana na tanini ya mti kwenye unyevu hutoa weusi wenye kibuluu, kemia ileile iliyotengeneza wino wa Ulaya kwa karne nyingi. Weusi huo hausambai duara. Hufuata nyuzi kwa urefu wa ubao, ukawa mkia mrefu kila upande wa msumari. Hapo usiiachie kamera ipange rangi yenyewe, maana kivulini hupenda kuutia ubao wote ubuluu na ule mkia ukapotea. Piga kwanza karatasi nyeupe mahali hapohapo, upime rangi kwa hiyo.