Mkono Ulioumia Jeshini Hauombi Sadaka

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Sisi huitumia methali hiyo kuwahimiza watu washirikiane. Lakini kwa askari aliyerudi nyumbani na mkono usiokunjika, si methali tena, ni maisha yake ya kila siku. Vifungo vya shati humshinda, nyundo humponyoka, na mwajiri avitazamapo vidole vyake humwambia arudi siku nyingine. Je, mtu huyo anaidai nini Serikali iliyompeleka jeshini? Leo twapenda kulitazama jambo hilo kama lilivyo katika Marekani, nchi yenye askari wengi wa zamani na sheria ndefu juu yao. Maana limo somo ndani yake kwa kila mtu alaye jasho la mikono yake.

Fidia hiyo haikuanza jana. Mwaka 1862, Wamarekani walipokuwa wakipigana wao kwa wao, Bunge lao lilipitisha sheria ya kumlipa askari wa kawaida aliyelemaa kabisa dola 8 kwa mwezi. Mwaka 1864 aliyepoteza mikono yote miwili aliwekewa dola 25. Vita vilipokwisha mwaka 1865, mhariri mmoja wa New York, William Oland Bourne, alitangaza mashindano ya kuandika kwa mkono wa kushoto kwa askari waliopoteza mkono wa kulia, ili waonyeshe kwamba bado wafaa kwa kazi za ofisini. Mamia waliandika. Watu wale hawakutaka kuhurumiwa. Walitaka kazi, na pamoja na kazi walitaka deni lao lilipwe.

Siku hizi deni hilo hudaiwa kwa Wizara ya Mambo ya Askari wa Zamani, iliyoanza kama idara mwaka 1930 na kufanywa wizara mwaka 1989. Mwenye kudai yampasa kuthibitisha mambo matatu. La kwanza, kwamba leo hii anacho kilema au maradhi ya mkono, na daktari ameyaandika. La pili, kwamba wakati wa utumishi wake lilitokea jambo: risasi, mlango wa kifaru uliombana vidole, au kazi ya miaka mingi ya kukaza nati. La tatu, kwamba hili limetokana na lile. Hapo pa tatu ndipo madai mengi yanapovunjika, kwa kuwa askari huleta maumivu yake na hadithi yake, lakini hana daktari aliyeviunganisha kwa maandishi.

Wala neno hilo “utumishi” si dogo. Februari 1946, Sajini Isaac Woodard, Mmarekani mweusi aliyetoka katika vita vya Pasifiki, aliachiliwa na jeshi huko Georgia, akapanda basi kurudi kwao angali amevaa nguo za kiaskari. Njiani, katika South Carolina, mkuu wa polisi alimpiga kwa rungu akampofusha macho yote mawili. Pensheni kamili alinyimwa, kwa hoja kwamba saa chache kabla ya kupigwa alikuwa amekwisha kuachiliwa. Hayo yalikuwa macho, si mkono. Lakini twaona jinsi saa chache katika karatasi ziwezavyo kumtenga mtu na haki yake.

Karatasi nazo huteketea. Mwezi wa Julai 1973 moto uliunguza ghala la kumbukumbu za askari mjini St. Louis, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakapotea. Mengi yalikuwa ya askari wa nchi kavu walioachiliwa kati ya mwaka 1912 na 1960. Aliyepoteza jalada hakupoteza haki. Ushuhuda wa askari mwenzake aliyekuwapo, barua alizompelekea mama yake, na maneno ya mke aliyemwona akirudi na bandeji, yote hayo hupokewa. Tena sheria yasema kwamba ushahidi wa pande mbili ukiwa sawasawa katika mizani, shaka impe askari faida.

Dai lenyewe huandikwa katika fomu nambari 21-526EZ. Kabla ya kuijaza, mwenye busara hupeleka kwanza taarifa ya kusudi la kudai. Taarifa hiyo humtunzia tarehe yake kwa mwaka mmoja, ili akikubaliwa, malipo yahesabiwe tangu siku ile. Hakuna ukomo wa miaka wa kudai, lakini kila mwezi wa kusitasita ni mwezi usiolipwa.

Kisha huja kipimo. Ulemavu hupimwa kwa asilimia, kumi kumi, na mkono anaoutumia mtu zaidi huthaminiwa kuliko mwenziwe. Asiyeweza kabisa kuutumia mkono huo hupewa asilimia 70. Ukiwa ni ule mwingine, 60. Na juu yake nyongeza maalumu ya kila mwezi. Kidole cha shahada au cha kati kikikunjwa kikabakiza inchi moja au zaidi kabla ya kugusa kiganja, ni asilimia 10. Kidole gumba kikishindwa kuvifikia vidole vingine kwa zaidi ya inchi mbili, ni 20. Basi inchi moja tu yaweza kuwa chakula cha nyumba.

Kwa sababu hiyo siku ya kupimwa na daktari si siku ya ushujaa. Askari amefundishwa kuuma meno na kusema “Niko salama, Afande.” Akisema hivyo mbele ya mpimaji, kalamu itaandika kwamba yu salama. Na aeleze kidole kinapoanzia kuuma kikikunjwa, siku za baridi zikoje, na ni vitu gani vimeanguka mkononi mwake. Asiongeze, asipunguze.

Asistaajabu pia akiona hesabu haijumlishwi kama ya sokoni. Mwenye asilimia 50 kwa mkono na 30 kwa bega hapati 80. Baada ya 50 ya kwanza amebakiwa na 50 ya uzima; asilimia 30 ya hiyo ni 15; jumla ni 65, nayo hukadiriwa kuwa 70.

Akikataliwa, asikunje jamvi. Tangu Februari 2019 ziko njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu alitazame upya dai lile lile, au kwenda mbele ya jaji wa Baraza la Rufani. Akifanya hivyo ndani ya mwaka mmoja, tarehe yake ya kwanza haipotei. Na asiwape fedha walanguzi wanaoahidi asilimia kubwa kwa malipo. Sheria hairuhusu kumtoza askari ada kwa kumwandalia dai lake la kwanza. Na vyama vya askari wenyewe, kama American Legion cha mwaka 1919 na Disabled American Veterans cha mwaka 1920, humsaidia bure.

Ndugu mfanyakazi, wewe pengine hukushika bunduki kamwe. Mkono wako u katika korona ya mkonge, au bandarini, au karakanani. Lakini hoja ni ile ile. Jeraha lisiloandikwa siku lilipotokea huwa jeraha la kubishaniwa siku ya malipo. Ukiumia, toa habari siku hiyo hiyo, mwambie mganga aandike uliumia wapi na kwa chombo gani, waweke mashahidi, ushike nakala yako mwenyewe, na mwone mjumbe wa chama chako cha wafanyakazi kabla hujatia sahihi. Mkono ulioumia kazini hauombi sadaka. Wadai ujira wa mwisho wa kazi uliyokwisha kuifanya.