Jabali na Tindikali

Mtu aupandaye Mlima Homa, usimamao kando ya Ziwa Viktoria, akaokota kipande cha jiwe jeupe na kulidondoshea matone mawili matatu ya tindikali ya chumvi iliyozimuliwa, ataliona likifoka povu papo hapo, kwani jiwe hilo, ijapokuwa lilizaliwa na moto wa volkeno, lina maada ileile iliyomo katika mawe ya chokaa. Povu lile ni jabali lenyewe likiondoka, nusu kwa hewa, nusu kwa maji.

Homa Bay, ulipo mlima huo, na jirani yake Migori hazina visima vya mafuta. Yaliyotangazwa nchini Machi 2012 yalipatikana mbali, Turkana, katika kisima cha Ngamia. Lakini tindikali iyo hiyo ndiyo wahandisi wanayoimimina visimani penye majabali ya chokaa, aghalabu kwa kadiri ya sehemu 15 katika 100, njia ambayo Herman Frasch aliipatia hataza Marekani mwaka 1896, ili vijia vipanuke na mafuta yatiririke. Faida yake ni dhahiri. Taathira yake ya pili huchelewa kuonekana: punje zilizokuwa zikishikana hubaki na mashiko haba, ilhali uzito wa ardhi iliyo juu yake haukupungua hata ratili moja.

Wala si lazima dawa iwe kali. Huko Ekofisk, penye visima vya mafuta katika jabali la chaki chini ya Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, iligunduliwa mwaka 1984 kwamba sakafu ya bahari inatitia, hata mwaka 1987 majukwaa ya chuma yakainuliwa mita 6. Na maji ya bahari yaliposukumwa chini ili kurudisha kani iliyopotea, chaki ile iliendelea kubonyea, kwa sababu maji yenyewe, pamoja na chumvi zake, yalikuwa yakiilegeza.

Mchanga ulioshikamana ukawa jabali, kama ule wenye mafuta ya Lokichar huko Turkana, una tabia nyingine. Punje zake za kwatzi haziijali tindikali ya chumvi. Kinachodhurika ni gundi ya chokaa iliyo baina yake, ikiwapo. Tena mna udongo wa mfinyanzi ambao aghalabu huvimba ukikutana na maji yasiyo na chumvi, ndiyo maana wahandisi huyatia maji yao chumvi ya potasi kabla ya kuyashusha.

Migori mambo ni ya ajabu zaidi, maana huko jabali hujitengenezea tindikali. Mawe ya Macalder, palipochimbwa shaba na dhahabu zama za ukoloni, yana madini ya salfa ndani yake, nayo hewa na mvua vikiyapenya huzaa tindikali ya salfa pasipo mtu kumimina chochote; jiwe lililokuwa likilia chini ya nyundo hupata rangi ya kutu, kisha humumunyuka mkononi. Watu hupenda kuilaumu zebaki kwa kila baya la machimbo, na kwa afya ya mchimbaji lawama hiyo ni haki kabisa, illa ukuta wa shimo haiudhuru: zebaki hushika dhahabu, kwatzi huiacha. Anayeteremka shimoni baada ya masika afadhali autazame kwanza ule wekundu ukutani, na nguzo za miti zilizotosha wakati wa kiangazi aziongeze.