Spika mbili, sauti karibu moja: Dola 1,000 za ziada zinanunua nini?

Anayetafuta spika za hadhi ya juu kwa ajili ya sebuleni hukutana mapema na majina mawili yanayochanganya: KEF LS50 Meta na KEF LS50 Wireless II. Zote zinatoka kampuni moja ya Uingereza, zote zilizinduliwa mwaka 2020, na ukizitazama kwa mbele ni kama mapacha.

Bei ndiyo inashtua. Nchini Marekani, jozi ya LS50 Meta ilizinduliwa kwa takriban dola 1,500 na Wireless II kwa takriban dola 2,500. Sasa hizo dola 1,000 zinakwenda wapi?

Zinafanana wapi?

Zote zina koni ya milimita 130 kwa sauti za kati na besi, na katikati yake kabisa imewekwa twita ya milimita 25 kwa sauti nyembamba. Kwa hiyo sauti zote zinatoka sehemu moja, na mwimbaji anasikika kama yuko mbele yako.

Nyuma ya twita kuna kisahani chenye vijinjia vingi kama vya siafu. Kazi yake ni kumeza sauti inayorudi nyuma ili isiharibu ile inayokwenda kwa msikilizaji. Neno "Meta" linatokana na teknolojia hiyo, na Wireless II nayo inayo.

Tofauti ni nini hasa?

LS50 Meta haina amplifaya ndani. Ukiitoa kwenye boksi na kuiwasha, hakuna kitu cha kuwasha. Inahitaji amplifaya, waya za spika, na chanzo cha muziki.

Na si amplifaya yoyote tu. KEF inapendekeza ya wati 40 hadi 100. Spika hii inatoa desibeli 85 tu kwa kipimo cha kawaida, kiwango cha chini kidogo, hivyo inataka nguvu. Pia ukinzani wake hushuka hadi omu 3.5, na hapo amplifaya ya bei chee inaweza kupata moto au kujizima.

Wireless II inabeba kila kitu ndani. Kila spika ina amplifaya mbili: wati 280 kwa koni kubwa na wati 100 kwa twita. Ina Wi-Fi, Bluetooth na tundu la HDMI la kuunganisha TV. Simu yako inaweza kuwa rimoti.

Lakini jina lisikudanganye. "Wireless" haimaanishi hakuna waya. Kila spika inachomekwa kwenye umeme, kwa hiyo unahitaji soketi pande zote mbili.

Vipi kuhusu besi?

Hizi ni spika ndogo. LS50 Meta inaanza kupungua nguvu chini ya hezi 79, wakati noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne iko karibu hezi 41. Wireless II inashuka zaidi kwa sababu ina kompyuta ndogo ndani inayosahihisha sauti. Hata hivyo, mpenzi wa amapiano kwenye sebule kubwa atahitaji sabufa kwa yoyote kati ya hizi.

Piga hesabu ya miaka 10

Siku ya kwanza, gharama zinaweza kukaribiana. Asiye na chochote nyumbani, akinunua LS50 Meta, atatumia sehemu kubwa ya zile dola 1,000 kwa amplifaya na kifaa cha kuchezea muziki. Mwenye amplifaya nzuri tayari anaokoa pesa hiyo.

Tofauti kubwa inakuja baadaye. Spika isiyo na amplifaya haina programu ya kupitwa na wakati. Zipo spika za miaka ya 1970 zinazopiga vizuri leo kwenye amplifaya mpya. Amplifaya ikifa, unabadilisha amplifaya tu na spika inabaki.

Kwa Wireless II, bodi ya umeme ikiungua, spika nzima inanyamaza hata kama koni ni nzima. Kwa nyumba ambayo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, hilo si jambo dogo. Kinga ya umeme iingie kwenye bajeti. Na anayeagiza kutoka Marekani asome kwanza lebo ya volti: kule wanatumia 120, Tanzania ni 230 na Kenya 240.

Uchague ipi?

Una amplifaya nzuri, au unataka kitu cha kukaa nacho miaka mingi? Chukua LS50 Meta.

Unaanza sifuri, sebule ni ndogo, hutaki mlolongo wa vifaa, na umeme wako umetulia? Wireless II inakufaa zaidi.

Kabla ya kulipa, zisikilize zote kwa wimbo unaoujua vizuri, sauti zikiwa sawa. Inayopigwa kwa sauti kubwa zaidi hudanganya sikio, inaonekana bora hata kama siyo.

Kisha muulize muuzaji swali moja: ikiharibika, nani anaitengeneza, na vipuri vinatoka wapi? Kwa Wireless II, akisitasita kujibu, zile dola 1,000 za ziada fikiria mara mbili.