Wundanyi au Diani? Pima haya kabla ya kukata tiketi

Shule zikifungwa, treni ya asubuhi kutoka Nairobi hujaa familia zinazokwenda pwani. Treni hiyo husimama Voi. Wachache huteremka, wengine huendelea hadi mwisho wa reli. Nyumbani kwetu Taita Taveta pia, hasa kwa wenye watoto na jamaa mijini, swali ni hilohilo: pesa ni zile zile, siku ni chache, tupande Wundanyi au tuteremke Diani?

Hili ni jarida la kaunti ya milima, kwa hivyo msomaji ana haki ya kutushuku. Hata hivyo, kuna miezi ambayo jibu la kweli ni bahari.

Tazama kalenda kwanza. Upepo wa kaskazi huvuma pwani kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na maji huwa matulivu na maangavu. Huo ndio wakati wa kuogelea na kuona matumbawe ya Kisite. Kuanzia Aprili kusi huingia, bahari huchafuka, na Mei mvua ni nyingi. Milimani ni kinyume. Novemba na Desemba mvua za vuli hufanya vijia viteleze, lakini Agosti mvua hupungua, ingawa ukungu na baridi vipo. Beba sweta, usiku wa Wundanyi si usiku wa Voi.

Pili, nani anasafiri? Mtoto wa miaka mitatu atashinda mchangani bila kuhitaji mpango wowote. Mzee mwenye magoti mabovu hatafurahia mteremko wa Wesu. Kwa vijana wenye miguu, kuna kilele cha Vuria, chenye urefu wa takriban mita 2,200, na msitu wa Ngangao, wenye ndege wasiopatikana popote pengine duniani ila katika milima hii.

Lakini asili ya safari ya milimani ni watu. Utakula kimanga katika nyumba ya mwenyeji na kusikia Kidawida kikizungumzwa sokoni. Ukipata ruhusa, utafika kwenye mapango ya mafuvu. Zamani, mkubwa wa ukoo alipofariki na kuzikwa, baada ya muda fuvu lake lilitolewa kaburini na kuwekwa katika pango la ukoo. Desturi hiyo ilikoma Ukristo ulipoenea, lakini mafuvu mengine yangalipo. Hao ni mababu wa watu wanaoishi papo hapo, si maonyesho. Pitia kwa chifu au mzee wa kijiji, tembea na mwenyeji, usiguse kitu, na uombe idhini kabla ya kupiga picha.

Kwa familia zenye asili ya huku, hapa ndipo penye uzito. Bahari itakuwepo Desemba ijayo. Babu anayeweza kumwonyesha mjukuu pango la ukoo wake huenda mwakani asiweze tena kuupanda mlima ule, na watoto wengi waliozaliwa mijini hawakielewi Kidawida atakachowasimulia.

Tusidanganyane pia kwamba utamaduni ni wa milimani tu. Karibu na Diani kuna Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Wenyeji wenyewe ndio wanaoongoza wageni, na huko pia kuna masharti.

Kuhusu gharama, hoteli za Diani hupandisha bei Desemba. Wundanyi vyumba ni vichache, hivyo piga simu mapema, na mkubaliane malipo ya mwongozaji kabla ya kuanza kupanda.

Mwenye siku tano au zaidi anaweza kufanya yote mawili. Aanzie milimani: ateremke Voi, apande matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate, alale siku mbili, kisha ashuke kwa basi hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Voi. Mwenye siku tatu achague moja. Na kwa kuwa si kila treni husimama Voi, hakikisha kituo unapolipia tiketi.